Mlango wa Geneva na mchumaji chai wa Kericho

Mei 2023 mashine za kuvuna chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho. Polisi wakaingia, mtu mmoja akauawa, wengine wakajeruhiwa. Mwaka huohuo jopokazi la kaunti lilisema Kericho peke yake ilikuwa imepoteza ajira 30,000 kwa sababu ya mashine hizo katika muda wa miaka kumi. Kazi iliyokuwa ya safu nzima ya watu, kila mmoja na kikapu mgongoni akinyofoa majani mawili na chipukizi, sasa hufanywa na wachache wanaosukuma meno ya chuma juu ya michai. Anayelipwa kwa kilo haoni mashine pale. Anamwona mtu anayempokonya mizani.

Pakichafuka hivyo na watu wakianza kukamatwa, jina la ILO, Shirika la Kazi Duniani lenye makao Geneva, halikawii kutajwa. Ni vizuri tujue shirika hilo linaweza nini.

Chombo chake kinachohusika ni Kamati ya Uhuru wa Kujumuika, yenye wajumbe tisa wa serikali, waajiri na wafanyakazi, na mwenyekiti asiyeegemea upande wowote. Iliundwa mwaka 1951, na wakongwe wetu haikuwawahi. Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa, alikamatwa mwaka 1947 akapelekwa Kabarnet. Makhan Singh na Fred Kubai, nao viongozi wa wafanyakazi, walitiwa mbaroni Mei 1950, na Singh hakuachiwa mpaka 1961.

Kenya ilijiunga na ILO mwaka 1964, na mwaka huohuo ikaridhia Mkataba namba 98 unaolinda haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Ule namba 87 wa mwaka 1948, unaolinda haki yenyewe ya kuunda chama, imeukalia. Tanzania iliuridhia mwaka 2000, Uganda 2005. Sisi tuna Katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 41 kinataja hadi haki ya kugoma, ila saini ya Geneva ndiyo inayotushinda. Sijawahi kusikia sababu inayoniingia akilini. Hata hivyo Kamati hiyo husikiliza malalamiko dhidi ya nchi yoyote mwanachama, iwe imeridhia mkataba au haijaridhia.

Msimamo wake kuhusu viongozi waliokamatwa haujifichi: kumweka kiongozi ndani kwa sababu ya shughuli za chama ni kuvunja uhuru wa kujumuika, na aliyekamatwa afikishwe haraka mbele ya hakimu kwa mashtaka yanayoeleweka. Lakini Kamati haina polisi wala faini. Huiandikia serikali, husubiri majibu, hutoa mapendekezo. Miezi hupita, wakati mwingine miaka. Joseph Mugalla, katibu mkuu wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, alipokamatwa mwaka 1993 kwa kuitisha mgomo wa nchi nzima, barua ya Geneva isingemfungulia mlango wa seli jioni ile. Februari 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari walifungwa mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya mahakama ya kusitisha mgomo. Walitolewa baada ya siku mbili na Mahakama ya Rufani, hapa hapa Nairobi. Faida ya Geneva ni kumbukumbu: serikali inalazimika kujieleza kwa maandishi, na maelezo hayo hayafutiki.

Kwa mchumaji chai kikwazo kiko mapema zaidi. Malalamiko hupokelewa kutoka kwa chama cha wafanyakazi au cha waajiri, yakiwa yameandikwa na kutiwa sahihi. Mtu binafsi hapokelewi. Huku kwenye chai chama ni KPAWU, cha wafanyakazi wa mashamba, kilichoanza mwaka 1963, na aliye mwanachama hukiona kwenye karatasi yake ya mshahara: mstari mmoja wa makato. Kibarua wa msimu, anayeitwa majani yakiwa mengi na kurudishwa kwao yakipungua, mara nyingi hana mstari huo. Kijana aliyekamatwa karibu na mashine inayoungua hana pia, na hata angekuwa nao, Kamati hulinda mgomo wa amani, si moto. Angalau ingeuliza ameshtakiwa kwa lipi hasa.

Ndiyo maana wengi wamepitia milango mingine. Wanawake zaidi ya 70 waliieleza BBC, Februari 2023, jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ili wapate kazi. Wachumaji wenye maumivu ya mgongo waliifuata kampuni ya chai ya James Finlay Kenya hadi mahakama ya Edinburgh, Scotland. Yote haya yalipita nje ya chama, na nadhani viongozi wa chama wanapaswa kulichukulia hilo kama swali lao wenyewe kabla ya kuwalaumu waandishi na mawakili wa Ulaya.

Kwa sasa mwenye shamba amebadilika. Browns Investments ya Sri Lanka ilichukua mashamba ya Finlay mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikakubaliana kuyanunua ya Lipton. Sri Lanka iliridhia Mkataba namba 87 mwaka 1995. Mkataba huo huifunga serikali, si kampuni, kwa hiyo hauvuki bahari pamoja na mwekezaji. Chama kitakapokaa naye mezani kitakuwa na sheria za Kenya tu mkononi: taarifa ya siku saba kabla ya mgomo, upatanishi, na mahakama ya ajira iliyoko mjini Kericho.