Ndoa, Mali na Siasa katika Roma ya Kale: Mambo ya Kuzingatia katika Kuisoma Juliasi Kaizari

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ndoa ilivyotumika kujenga na kuvunja ushirika wa kisiasa mwishoni mwa Jamhuri ya Roma. Inadai kuwa ndoa hiyo ilifaa kwa siasa kwa kuwa haikumtoa binti katika ukoo wake. Aidha, inaonesha kuwa kuieleza kwa neno mahari kunahitaji tahadhari.

1.0 Utangulizi

Tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya William Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, imewaletea wasomaji wa Kiswahili kisa cha mauaji ya Caesar ya mwaka 44 K.K. Humo, Calpurnia na Portia wanaonekana kwa muda mfupi tu, na ni rahisi kuwachukulia kuwa wahusika wa pembezoni. Katika historia, ndoa zao zilikuwa sehemu ya mapambano yenyewe.

2.0 Ndoa ya Kirumi na Tatizo la Istilahi

Sheria ya Roma ilitambua ndoa za namna mbili. Katika ya kwanza, mke aliingia chini ya mamlaka ya mumewe, yaliyoitwa manus, yaani 'mkono'. Katika ya pili, alibaki chini ya mamlaka ya baba yake maadamu baba yu hai. Hii ya pili ndiyo iliyoenea mwishoni mwa Jamhuri. Mke aliishi kwa mumewe, lakini kisheria alikuwa bado wa kwao. Ndoa iliweza kuvunjwa bila amri ya mahakama.

Pamoja na bibi arusi ilikwenda dos, yaani mali iliyotolewa na upande wake kumpa mume. Ndoa ilipovunjika, mali hiyo iliweza kudaiwa irudishwe. Kuiita mahari ni kugeuza mwelekeo wa mali. Katika fikihi ya Kiislamu, mahari hutolewa na mume yakawa haki ya mke. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, hupokewa na wazazi wa binti. Kwa hiyo, maelezo kama 'mali ya kuolewa nayo' yanafaa zaidi.

3.0 Ndoa kama Mkataba wa Kisiasa

Mwaka 59 K.K., Caesar akiwa konsuli, uchumba wa binti yake Julia ulivunjwa ili aolewe na Pompeius, ambaye alimzidi umri mkwewe huyo. Mwaka huohuo Caesar alimwoa Calpurnia, binti wa Piso. Naye Piso akawa konsuli mwaka uliofuata. Cato alilalamika kuwa madaraka ya dola yamefanywa bidhaa ya ndoa. Julia alifariki kwa uzazi mwaka 54 K.K. Mwaka 52 K.K. Pompeius alimwoa Cornelia, binti wa Metellus Scipio, mpinzani wa Caesar. Kifo cha Julia hakikuleta vita ya mwaka 49 K.K. peke yake, lakini kiliondoa kiungo kilichowafunga wakuu hao wawili.

4.0 Binti wa Cato

Cato alijiua mwaka 46 K.K. badala ya kuupokea msamaha wa Caesar. Mwaka uliofuata Brutus, ambaye yeye alikuwa ameupokea, alimtaliki Claudia na kumwoa Porcia, yaani Portia wa tamthilia. Porcia alikuwa binti wa Cato na mjane wa Bibulus, konsuli mwenza aliyepingana na Caesar mwaka 59 K.K. Hivyo, Portia anapomtaja baba yake ili aambiwe siri ya mumewe, hajigambi kwa nasaba tu. Anadai nafasi katika ugomvi uliokuwa wa nyumba yao kabla haujawa wa Brutus.

5.0 Hitimisho

Ndoa ya Kirumi iliunganisha nyumba mbili bila kuifuta mojawapo. Msomaji anayedhani kuwa binti akiolewa amekwisha kutoka kwao, atamwona Portia kama mke mwenye wasiwasi tu, na uzito wa kisiasa wa ombi lake utampita.