Nani Mwenye Kauli Juu ya Tiba ya Mgonjwa?

Ijumaa moja baada ya sala, mama mmoja alituletea kamati barua ya bima ya mumewe. Daktari alikuwa ameagiza kipimo cha mgongo. Bima ikajibu kwa mstari mmoja kwamba hakina ulazima wa kitabibu. Barua haikutaja sababu wala jina la aliyeamua. Waumini walichanga, kipimo kikafanyika, lakini swali la mama lilitubakia: "Huyu aliyekataa, mume wangu alimwona wapi?"

Katika jimbo la California, Marekani, swali hilo limewekewa sheria. Huko, kukataa tiba kwa hoja ya ulazima ni kazi ya daktari au mtaalamu wa afya mwenye leseni, tena mjuzi wa maradhi husika. Karani hana mamlaka hayo. Ombi la kawaida hujibiwa ndani ya siku 5 za kazi, na la dharura ndani ya saa 72. Sababu sharti zielezwe kwa lugha ya wazi, na daktari aliyeomba apewe jina na simu ya aliyekataa. Kwetu sisi, sharti hili la jina ndilo zito kuliko yote, kwani mwenye kujulikana huona haya kuandika mstari mmoja.

Kisha yakaja mashaka ya akili mnemba. Septemba 2024 Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria SB 1120 ya Seneta Josh Becker, iliyoanza kutumika Januari 2025. Haikuzipiga marufuku programu hizo, bali yataka zizingatie historia ya mgonjwa mwenyewe, si takwimu za kundi pekee, na neno la kukataa libaki kwa binadamu.

Aliyenyimwa aweza pia kuomba mapitio huru bila malipo. Madaktari wasio wa shirika hulipitia jalada lake, na uamuzi wao hulifunga shirika. Hata hivyo, waajiri wengi wakubwa hugharimia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wao, nao wamekingwa na sheria ya shirikisho ya 1974, hivyo ulinzi huu wa jimbo hauwafikii wafanyakazi hao.

Juma lililopita tulimsaidia mama yule kuandika barua kwa bima yake, akiomba mambo mawili tu: sababu, na jina la aliyekataa. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa imo katika jalada la kamati. Jibu bado halijafika.