Barabara ya Morogoro na Wachukuzi Wake

Wengi wetu twapita katika Barabara ya Morogoro kila siku, huyu aenda kazini, huyu sokoni, huyu kanisani. Walakini ni wachache wanaouliza: njia hii ilianzaje, na mizigo yake ilichukuliwa na nani? Basi mwezi huu na tuifuate pole pole, tangu pwani hata bara.

Barabara huanza karibu na bandari, penye Boma la Kale. Nyumba hiyo ilijengwa zamani za Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, ambaye mnamo mwaka 1862 alianza kujenga mji wake hapa, jirani na kijiji cha Mzizima. Majid alitaka bandari njema na biashara ya bara, lakini alikufa mwaka 1870, na kazi ikalala. Mwaka 1891 Wadachi, ndio Wajerumani, walihamishia hapa makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo, na mji ukaanza kukua tena.

Siku zile mizigo ya bara haikuchukuliwa kwa magari. Ng'ombe na punda walikufa njiani kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo kila kitu, pembe, nguo, chumvi na shanga, kilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi mmoja alichukua kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, akatembea siku nyingi kwa jua na mvua. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Ndipo wapagazi wa njia hii walipoanza kupumzika.

Tukitoka pwani twaingia katikati ya mji, na hapo barabara yatuonyesha jambo jingine. Katika siku za utawala wa wageni mji uligawanywa kwa rangi za watu. Karibu na bahari palikuwa Uzunguni, kisha Uhindini penye maduka, kisha Uswahilini, na katikati ya hawa wawili wa mwisho pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, uwe mpaka. Barabara ya Morogoro ilipita katika mji huo uliogawanywa. Mtu wa Kariakoo aliruhusiwa kupita ili akafanye kazi, lakini jioni ilimpasa kurudi kwao. Leo katika uwanja ule ule wa Mnazi Mmoja umesimama Mnara wa Mwenge wa Uhuru, na watu wa kila kabila hupumzika chini ya miti yake.

Tukifika penye Kituo cha Zimamoto, mahali ambapo watu hupaita Faya, mkono wa kushoto twaona Mtaa wa Msimbazi ukielekea Kariakoo. Je, wajua maana ya jina hili? Kabla ya Vita Kuu ya 1914 Wadachi walikuwa wamejenga hapo jengo la soko. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, mahali pale pakawa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa jeshi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wachukuzi wale waliandikwa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa nguvu. Walibeba risasi na chakula cha askari, na wengi wao hawakurudi; waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawakumbuka wao pia. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923, na jengo kubwa lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, wafanya biashara wengi wakapoteza mali yao.

Mbele ya Faya barabara yashuka bonde la Jangwani, penye mto Msimbazi. Mara nyingi mvua kubwa zimeifunga njia hapa, na katika mafuriko ya Desemba 2011 watu walikufa na nyumba zikachukuliwa na maji. Ng'ambo ya bonde ni Magomeni, kisha Manzese, Ubungo na Kimara. Halafu Kibaha, mto Ruvu, na Chalinze, ambapo njia ya Tanga na Moshi hugawanyika. Kutoka mjini mpaka Morogoro ni kilometa zipatazo 190.

Njia haiishii hapo. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikakosa njia yake ya mafuta upande wa kusini. Ndipo madereva walipoanza kuchukua mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, hata Tunduma. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori mengi yalipinduka, na watu wakaiita njia ya jehanamu. Baadaye ikatiwa lami.

Katika miaka ya karibu kazi imezidi. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kwenda kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na mwaka 2021 madaraja ya Ubungo yalifunguliwa, yakapewa jina la Kijazi. Lakini tusisahau kwamba mwaka 2017, ili barabara ipanuliwe, nyumba nyingi za upande wa Kimara zilibomolewa. Hata njia iliyo njema huwa na mtu aliyeilipia.

Tena tukumbuke Msamvu, penye mlango wa Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengi walikuwa maskini waliotafuta riziki ya siku moja. Basi wazazi, wafundisheni watoto wenu kukaa mbali na lori la mafuta lililoanguka, hata kama wengine wote wanachota.

Ndugu zangu, Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya kusaidiana mizigo. Neno hilo latuhusu sisi wa mji huu, ambao mtaa wetu mkubwa waitwa kwa jina la wachukuzi. Utakapokwenda Kariakoo, utamwona kuli mwenye gunia begani, na mwingine akivuta mkokoteni huku jasho likimtoka. Mpishe njia. Usimtukane. Naye akiisha kukufikishia mzigo wako, mpe ujira mliopatana kabla jua halijatua, wala usimpunguzie hata shilingi moja.