Mtoto akipepesa macho bila kukoma, usimkemee

Na Daktari Wetu

WAZAZI wengi hukimbilia duka la miwani kwanza. Mtoto wa miaka sita au saba ameanza kupepesa macho kwa nguvu, tena na tena, na mama anadhani ni televisheni au simu. Macho yanapimwa na kupatikana hayana kasoro. Baada ya mwezi mmoja kupepesa kunakwisha, lakini sasa mtoto anakunja pua, anainua bega, au anasafisha koo mfululizo kana kwamba kuna kitu kimekwama.

Hapo ndipo watu wa nyumba huanza kutofautiana. Baba husema mtoto anaiga wenzake. Nyanya husema ni minyoo. Jirani naye hunong'ona kwamba mtoto ametupiwa kitu na anafaa kuombewa. Wakati huo wote mtoto anaambiwa "Wacha hiyo!" kuanzia asubuhi hadi usiku, na kadiri anavyokemewa ndivyo hali inavyozidi.

Mzazi, mara nyingi huu si utundu, si minyoo wala si uchawi. Ni mitikisiko ya ghafla ya misuli, ambayo kwa lugha ya kitabibu huitwa tiki. Huwapata watoto wengi wa umri wa kwenda shule, wavulana zaidi kuliko wasichana.

Chanzo chake

Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ambazo kazi yake ni kuchuja amri za miendo: upi ufanyike na upi uzuiwe. Kwa watoto wengine kazi hii haifanyiki sawasawa, na miendo midogo hupenya bila mtoto kutaka. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Ukimwuliza nyanya kwa upole, huenda akakumbuka kwamba hata baba yake mtoto alikuwa akikohoakohoa au kupepesa macho alipokuwa mdogo.

Mitikisiko huanza hasa kati ya miaka minne na minane. Huja na kupungua, hubadilika kutoka jicho hadi bega, kisha hurudi. Kwa watoto wengi huisha kabla ya mwaka mmoja. Inapoendelea, huwa mikali zaidi kati ya miaka 10 na 12, halafu hupungua kwa wengi kadiri wanavyokua.

Ikiwa mtoto ana mitikisiko miwili au zaidi ya mwili, pamoja na ya sauti kama kuguna au kuvuta kamasi, na imepita mwaka mmoja tangu ianze, daktari huiita ugonjwa wa Tourette. Jina hilo linatokana na daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika kuhusu wagonjwa tisa mwaka wa 1885. Filamu zimewafanya watu wadhani kwamba kila mwenye ugonjwa huu hutukana ovyo. La, wanaotoa matusi bila kutaka ni wachache.

Mbona kanisani anatulia?

Jambo hili huwakasirisha wazazi kuliko yote. Mbele ya mwalimu mkuu mtoto ametulia, lakini akifika nyumbani anaanza. Mzazi anaamua kwamba mtoto anajifanya.

Jaribu kusoma aya hii bila kupepesa macho hata mara moja. Utaweza kwa muda, kisha hamu itapanda hadi ushindwe, na utakuwa hukumbuki ulichosoma. Watoto wengi, hasa waliokua kidogo, husema hivyo hivyo: kwanza wanahisi muwasho au mbano mahali fulani, nao hautulii mpaka wafanye mwendo ule. Mtoto anayejizuia darasani siku nzima huchoka, na masomo humpita. Akifika kwenu anaachilia, kwa sababu hapo ndipo anapojisikia salama.

Wasiwasi, uchovu, msisimko na homa huzidisha mitikisiko. Kumwambia "Usipepese!" kunamkumbusha na kumtia wasiwasi kwa wakati mmoja.

Ufanye nini nyumbani

Kwanza, usiutaje mtikisiko. Usimwige, usimhesabie, wala usimwahidi zawadi akiacha. Endelea na mazungumzo kama ambaye hujaona kitu. Waeleze ndugu zake, yaya na jamaa wanaowatembelea wafanye vivyo hivyo.

Pili, mweleze mwenyewe mkiwa wawili. Mwambie: "Mwili wako unafanya hivyo wenyewe, kama chafya. Si kosa lako, na hakuna aliyekukasirikia." Mtoto anayejua hivyo ana jibu wenzake wanapomwuliza.

Tatu, angalia usingizi. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12 kwa usiku mmoja. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kungoja basi la shule anafaa awe amelala kufikia saa mbili usiku. Katika nyumba nyingi za mjini, saa mbili ndipo chakula kinapopakuliwa. Hili mzazi anaweza kulibadilisha bila dawa yoyote.

Nne, mpe nafasi ya kufanya anachokipenda, iwe ni mpira, kuchora au kucheza ngoma. Anapozama katika shughuli, mitikisiko hupungua sana.

Tano, mwone mwalimu wake. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili. Hata hivyo, mwalimu asiyejua hali hii anaweza kumwadhibu mtoto kwa "kupiga kelele". Mpelekee barua ya daktari. Omba mtoto aketi mahali ambapo darasa zima halimkodolei macho, aruhusiwe kutoka nje kwa dakika chache, na wanaomdhihaki wakanywe.

Wakati wa kwenda hospitali

Si kila mtikisiko ni tiki. Nenda upesi ukiona dalili hizi:

Mtoto anakodoa macho au kutikisika na hasikii unapomwita, au anaanguka. Hicho huenda ni kifafa.

Miendo ya mikono na miguu inafuatana bila mpangilio, mtoto anaangusha vikombe, mwandiko wake umeharibika ghafla na hulia bila sababu. Hii huenda ni koria ya Sydenham, ambayo hufuata maambukizi ya koo wiki au miezi kadhaa baadaye. Bakteria hao hao wanaweza kuwa wamesababisha madhara kwa vali za moyo, kwa hivyo moyo lazima upimwe na mtoto apewe penisilini.

Mitikisiko inamwumiza shingo au misuli, inamzuia kusoma, au imemfanya akatae kwenda shule.

Mwambie daktari pia kama mtoto hawezi kutulia na kumakinika, au anarudia mambo kama kunawa mikono na kukagua mlango kwa hofu. Hali hizi mbili huandamana na mitikisiko mara nyingi, na pengine ndizo zinazomsumbua zaidi.

Mpige picha za video kwa simu kabla ya kwenda, bila kumwonyesha kwamba unamchunguza. Watoto wengi hutulia wakiwa mbele ya daktari.

Matibabu

Wengi hawahitaji dawa. Tiba inayotangulia kwa wanaosumbuka ni mafunzo: mtoto hufundishwa kuitambua ile hamu, kisha afanye mwendo unaoupinga. Anayeinua bega, kwa mfano, hulishusha taratibu na kubana kiwiko ubavuni hadi hamu ipite. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2010, watoto na vijana 126 waligawanywa kwa makundi mawili. Zaidi ya nusu ya waliopata mafunzo hayo walipata nafuu, na chini ya mmoja kati ya watano katika kundi la pili. Wataalamu wake bado ni wachache hapa nchini, kwa hivyo omba daktari wako akuelekeze kwa mwanasaikolojia au daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto.

Dawa kama klonidini na risperidoni husaidia mitikisiko mikali. Huweza kuleta usingizi au unene, na klonidini haifai kukatizwa ghafla. Usinunue dawa hizi dukani bila cheti cha daktari.

Ikiwa mtoto wako hana dalili za hatari tulizotaja, jaribu mwezi mmoja wa kutomkemea na wa kumlaza mapema. Andika kwenye daftari unayoyaona kila jioni akishalala, na uje nalo kliniki.