Mali Ikizuiwa na Mahakama, Mlango wa Rufaa Haujafungwa



Ndugu wasomaji, tuchukue mfano wa mama wa Mamba Miamba, milimani Upare. Ameuza tangawizi yake, akamkabidhi mwanawe aliyeko Same mjini amuwekee fedha benki. Kijana akashukiwa kusafirisha mirungi, ambayo sheria ya mwaka 2015 inaihesabu kuwa dawa ya kulevya, na ambayo mashamba yake yaliteketezwa wilayani Same katika operesheni za mwaka 2023. Mahakama ikazuia akaunti, na fedha ya mama imo humo. Afanye nini?

Kwanza, afahamu kuwa kuzuia si kutaifisha. Chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya mwaka 1991, amri ya zuio huilinda mali isiuzwe wala kuhamishwa wakati shauri linaendelea. Sheria hiyo huiruhusu mahakama kutenga sehemu ya mali hiyo kwa matumizi ya lazima ya mshukiwa na wanaomtegemea, na kwa gharama za utetezi. Hayo hayana budi kuombwa.

Pili, arejee mahakama iliyotoa amri, aombe ifutwe au ibadilishwe, akionesha risiti za mauzo na tarehe za kuweka fedha. Asiporidhika, ipo ngazi ya juu: amri ikiwa ya Mahakama Kuu Moshi, rufaa huelekea Mahakama ya Rufani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inatambua haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa. Lakini rufaa ina muda wake, na kuikata tu hakufungui akaunti. Anayechota fedha ilhali amri ingalipo anajitia kosani.

Wala asikate tamaa akishindwa mara ya kwanza. Novemba 7, 2001, Marekani ilizuia mali za Al Barakaat, mtandao uliokuwa ukipeleka fedha za Wasomali walioko ughaibuni kwa jamaa zao. Zuio lilienea hadi Ulaya, likaigusa taasisi yake ya Sweden. Taasisi hiyo na Msaudia Yassin Abdullah Kadi walishindwa katika mahakama ya chini ya Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Wakakata rufaa, na Septemba 3, 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikabatilisha amri hiyo kwa upande wao, kwa kuwa hawakuelezwa sababu wala kupewa nafasi ya kujitetea.

Msingi huo si mgeni kwetu. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asihukumu kwa maneno ya upande mmoja mpaka amsikilize na wa pili.

Hata hivyo, rufaa si ngao ya haramu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 188, inatukataza kuwaendea mahakimu ili tule mali za watu kwa dhulma. Anayejua kuwa fedha ni ya mirungi asiape kuwa ni ya tangawizi.

Basi wazazi, tuandikiane amana zetu, hata baina ya mama na mwana. Karatasi ya leo ndiyo shahidi wa kesho mbele ya hakimu.