Shilingi ya Chumbi na shilingi ya delta

Ukivuka Daraja la Mkapa kuelekea Lindi, lile lililofunguliwa mwaka 2003, hukawii kufika Chumbi. Juu kuna ufuta, mikorosho na miembe. Bondeni kuna mpunga na mahindi yanayolishwa na tope la mto Rufiji. Uufuate mto huohuo hadi baharini, unaingia delta: zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, kamba, kaa, na mpunga tena. Kwa neema ya ardhi na maji, sehemu hizi mbili zote ni tajiri. Ila wapi mtu anaishi vizuri zaidi?

Tuanze na fedha. Mvuvi wa delta akipata usiku mzuri wa kamba, anaweza kushika fedha ambayo mkulima wa Chumbi anaisubiri hadi msimu wa ufuta. Lakini kamba wanataka barafu, barafu inatoka bara, boti inataka mafuta, na mara nyingi nyavu ni za tajiri anayepanga bei mwenyewe. Kinachobaki kinaenda dukani, ambako saruji, sabuni na unga vimeshalipiwa nauli ya chombo. Mvuvi anakatwa akiuza, anaongezewa akinunua. Chumbi lori linashusha mzigo mlangoni, kwa hiyo shilingi elfu kumi ya huko inanunua vingi zaidi.

Halafu kuna maji ya kunywa. Kiangazi, mto ukipungua nguvu, chumvi inapanda kutoka baharini. Mama wa delta anateka kwa saa ya bahari: anangoja yapwe, maji baridi ya mto yashuke, ndipo ajaze madumu ndani ya mtumbwi. Akichelewa, bahari imeshajaa na maji ni ya chumvi. Saa hizo anazongoja haziandikwi popote katika hesabu ya kipato cha kaya, nami naona hapo ndipo hesabu zetu zinapodanganya. Mwenzake akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, maji yakiwa yamekupwa, kijito hakipitiki. Boti imekaa juu ya tope. Wa Chumbi anaitiwa bodaboda.

Mataifa makubwa nayo yana pengo la namna hii kati ya fedha na maisha. Kwa hesabu za miaka ya karibuni, pato la wastani la Mmarekani, likihesabiwa kwa dola, ni zaidi ya mara mbili ya la Mjapani, lakini Mjapani anatarajiwa kuishi takribani miaka 84 na Mmarekani kama 78.

Chumbi isijisifu mapema, hata hivyo. Sahani ya delta ina kitoweo kisichonunuliwa, na mtoto anayekula samaki kila siku ana kitu ambacho barabara haileti. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na lami haikumkinga mkulima wa bondeni. Tena bonde hili liliwahi kulipa gharama ya huduma. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ya 1969 iliwatoa watu mabondeni ikawapandisha vijiji vya juu. Walisogezewa shule na zahanati, wakasogezwa mbali na mashamba yao. Anayelima bondeni leo bado anajenga dungu alale hukohuko, alinde mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, huku watoto wakibaki kijijini na bibi yao.

Ukiniuliza leo, namweka wa Chumbi mbele, kwa sababu ya mama mjamzito na dumu la maji. Lakini pengo hilo linazibika bila kumhamisha mtu. Tangi la kuvuna mvua juu ya bati la shule na boti ya wagonjwa isiyokosa mafuta vinaweza kufika delta, na gati lenye urefu wa kutosha linaweza kumpakia mgonjwa hata maji yakiwa yamekupwa. Halmashauri ya Kibiti ikipanga bajeti ya visiwa vya delta, ianze na jedwali la kupwa na kujaa.