Kijiko cha mwonjaji kinavyoamua bei ya chai ya Kisii na Nyamira

MKULIMA wa majani chai katika kaunti za Kisii na Nyamira huchuma tangu alfajiri, akabeba kapu lake hadi kituo cha kupimia na kurudi nyumbani bila kujua thamani kamili ya jasho lake. Thamani hiyo huamuliwa wiki kadhaa baadaye mjini Mombasa, mbele ya safu ya vikombe vyeupe, na mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga Keroka wala Ogembo.

Mtu huyo ni mwonjaji chai. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo madalali na wanunuzi huonja sampuli za kila shehena kabla ya kutaja bei.

Kuonja kwenyewe kuna taratibu zake. Kipimo cha kimataifa ni gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, na chai huachwa kwa dakika 6. Waonjaji wengi huongeza maziwa kidogo, kwa kuwa kuna nchi zinazonunua chai ya Kenya, kama vile Pakistan na Uingereza, ambako hunywewa kwa maziwa. Mwonjaji hutazama majani makavu, akayanusa yale yaliyolowa, kisha akavuta kijiko kimoja kwa kishindo ambacho mezani kwa wageni kingehesabiwa utovu wa adabu, akayazungusha maji mdomoni na kuyatema.

Anachotafuta ni chai changamfu, yenye nguvu na rangi ya shaba inayong'aa. Chai hafifu, iliyofifia, iliyoungua au yenye harufu ya moshi hushushwa daraja papo hapo.

Kila kiwanda cha wakulima wadogo, kiwe Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Nyamache au Kiamokama, huuza chai kwa jina lake. Chai zake za siku mbalimbali hulinganishwa wao kwa wao, na mnunuzi mzoefu hukumbuka ladha ya jina hilo miezi iliyopita. Kiwanda kinachotoa chai nzuri wiki hii na mbaya wiki ijayo huogopwa, kwani mchanganyaji wa chai hutaka kikombe kile kile mwaka mzima.

Tofauti hizo huanzia shambani. Wakati wa kiangazi na baridi chipukizi hukua polepole na ladha hukolea. Mvua ikizidi, majani humiminika kwa wingi na chai huwa nyepesi. Aina ya mche nayo ina neno lake: ule wa TRFK 6/8 hutumiwa na watafiti wa Kericho kama kigezo cha ubora, ilhali mingine ilipendwa na wakulima kwa sababu ya wingi wa mavuno.

Hata hivyo, hali ya hewa haipaswi kubebeshwa lawama yote. Kanuni ni kuchuma majani mawili na chipukizi. Yakichumwa majani magumu, au yakishindiliwa gunia na kungoja lori kwa muda mrefu, hupata joto, huchubuka na kuanza kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Huko nako hunyaushwa kwa saa 12 hadi 18, hukatwakatwa na mashine, kisha huachwa kwa saa moja hadi mbili yageuke rangi kabla ya kukaushwa. Msimamizi akisinzia katika hatua hiyo, kijiko cha Mombasa kitamuumbua.

Wapo wanaolinganisha kazi hii na ile ya waonjaji wa mvinyo, ambao hupanga chupa za mvinyo wa shamba moja za miaka tofauti. Mfano huo unafaa kwa kiasi tu. Mvinyo mzuri waweza kuboreka kwa kuhifadhiwa, lakini chai nyeusi ya aina hii huzeeka vibaya: hufyonza unyevu, hupoteza uchangamfu na maji yake hufifia.

Jambo hilo lilidhihirika baada ya bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kuwekwa mwaka 2021 kwa chai ya wakulima wadogo. Chai nyingi, hasa ya magharibi mwa Bonde la Ufa, ilikosa wanunuzi na kurundikana maghalani Mombasa, huku kila mwezi ukiipunguzia ladha. Bei hiyo baadaye iliondolewa, lakini gunia lililozeeka halirudi ujanani.

Kwa mkulima, haya yote hujitokeza katika bonasi. Hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, kisha hungoja malipo ya mwisho wa mwaka wa mauzo, ambayo kwa kawaida hutolewa kati ya Septemba na Oktoba. Viwanda vya Kisii na Nyamira vimekuwa vikilipa bonasi ndogo kuliko vile vya Murang'a, Kirinyaga na Meru, na wakulima wamelalamika mara kwa mara.

Ladha hueleza sehemu tu ya pengo hilo. Gharama za kuni, umeme na mikopo ya kiwanda hukatwa kabla ya mkulima kuona senti. Lakini kwa vile hukumu ya mwonjaji huandikwa kwa kila shehena, hakuna sababu ya msingi ya karatasi hiyo kuishia katika ofisi za kiwanda badala ya kubandikwa kwenye kituo cha kupimia, penye mizani na foleni ya makapu.